«Taa yangu inatibu ngozi, sura ni kazi ya Mungu»: haya ndiyo niliyoambiwa leo mbele ya kadamnasi

Binti wa Tudor:
Assalaam aleikum wanajukwaa. Ninaandika mkono ukinitetemeka, kwa hivyo mniwie radhi nikikosa mpangilio. Jina sitalitaja, maana hakuna haja. Nyote mnamjua: ni yule mwenye saluni ya ghorofani, mwenye bangili hadi kiwikoni, ambaye tangu aletewe ile barakoa ya taa kutoka Dubai, kinyago chenye vijitaa ndani cha kutibu ngozi, yeye mwenyewe hagusi tena hina wala singo ya kusugulia mwili, bali hushinda mlangoni akiwakagua wapita njia na kuwaeleza kasoro za nyuso zao bila kuombwa.

Nilimwendea kwa madoa meusi ya mashavuni. Nilimwambia kwa Kiswahili fasaha kwamba sina chunusi. Akanilaza, akanivisha barakoa ambayo sehemu ya kidevuni ilikuwa bado imeganda poda ya mteja aliyenitangulia, poda ya rangi ya biskuti ambayo mimi siwezi kuipaka hata kwa dau, kisha akawasha mwanga wa buluu na kuniacha humo, bila kinga yoyote ya macho, akaenda zake kujibu simu. Aliapa kwamba nikiendelea kuja madoa yatakimbia. Hayakukimbia popote, yamepanuka hadi sasa yanastahili kupewa gavana wao.

Leo nikamuuliza, kwa adabu kabisa, mbona hali imezidi. Hakupepesa macho. Alisema, na saluni nzima ikasikia: «Bibi, taa yangu inatibu ngozi. Sura ni kazi ya Mungu.»

Sura ni kazi ya Mungu! Palikuwa na shangazi wa bibi harusi aliyekuwa amepakwa hina mbichi mikono yote miwili, akaiinua juu isiharibike, na kwa kuwa hakuweza kuziba mdomo alicheka meno yote thelathini na mawili yakinitazama. Msichana wa kufagia naye aliegemea ufagio akacheka. Nadhani hata kivuko cha Likoni kilisimama katikati ya maji ili abiria wasikie vizuri. Mtu nimelipa, nimelazwa kama maiti kwenye kitanda cha kuoshea, nimevishwa poda ya mwenzangu, halafu naambiwa sura ni kazi ya Mungu!

Kijana wa Kongowea:
Pole sana, dada. Hata hivyo, kabla sijamlaani mama wa watu, ningependa kujua ni sehemu gani ya kauli yake unayoipinga: ile ya taa au ile ya Mungu?

Mfamasia wa Bondeni:
Utani kando, huyo mama alikosea rangi. Mwanga wa buluu, wenye urefu wa wimbi wa nanomita 415 hivi, hutumiwa kwa chunusi, kwa sababu bakteria wa chunusi hutengeneza kemikali ziitwazo pofirini, ambazo zikipigwa na mwanga huo huzalisha oksijeni kali inayowadhuru bakteria wenyewe. Mwekundu, wa nanomita 630 na ushei, huingia ndani zaidi ya ngozi, na ndio unaotumiwa kwa mikunjo na wekundu wa uvimbe. Kwa ngozi zetu nyeusi, buluu inaweza kuziamsha seli zinazotengeneza melanini, yaani rangi ya ngozi, na kuyakoleza madoa. Suala la macho nalo si dogo: mwezi wa Julai 2019 kampuni ya Neutrogena iliziondoa sokoni barakoa zake za mwanga kwa hofu ya kuwadhuru watu wachache wenye maradhi fulani ya macho, au wanaotumia dawa zinazoyafanya macho yaathirike upesi na mwanga. Anayemeza doksisaiklini, dawa ya kuua bakteria iliyo miongoni mwa dawa za aina hiyo, amuulize daktari kwanza.

Binti wa Tudor:
Mnaona? Alikosea rangi! Alikosea rangi yeye, na aliyesingiziwa ni Mola wangu! Angeniambia taa ni mbovu ningenyamaza. Angeniambia nimechelewa ningenyamaza. Sura ni kazi ya Mungu, na yule shangazi ameinua mikono kama anayeitikia dua!

Ami Mstaafu:
Vijana, msiidharau taa kwa kosa la mwashaji. Niels Finsen wa Denmark alitunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 1903 kwa kuutumia mwanga kutibu kifua kikuu cha ngozi. Tatizo la mji huu ni kwamba chombo chochote chenye waya kikishuka bandarini, kesho yake kila mwenye kiti na kioo amekuwa tabibu.

Somo wa Mji wa Kale:
Wanangu, mateso yangu ni makubwa kuliko ya huyo binti. Mabibi harusi siku hizi wananijia kusingwa wakiwa wametoka moja kwa moja kwenye hizo taa, na kabla ya taa wamejipaka asidi za kuchubua, uso mwekundu unawaka. Nikiwagusa na liwa, ule unga wa mti wenye harufu nzuri, iliyoloweshwa kwa marashi, wanapiga kelele kwamba nimewachoma. Wiki iliyopita mama mzima alidai nimrudishie fedha zake, ilhali liwa haijawahi kumchoma mtu.

Mfamasia wa Bondeni:
Samahani, somo, ngozi iliyochubuliwa kwa asidi huchomwa na chochote, liwa ikiwemo.

Somo wa Mji wa Kale:
Mwanangu, nimewasinga mama yako na shangazi zako. Usinifundishe liwa.

Mama wa Majengo:
Nyote mna bahati. Mimi mume wangu aliniagizia barakoa yangu mwenyewe mtandaoni, ile nyekundu, inayotumia betri. Stima ikapotea usiku, nami nimeivaa, nikaenda dirishani kuangalia kama ni mtaa mzima au ni sisi tu. Mlinzi wa jengo aliinua kichwa, akauona uso mwekundu usio na mwili, akaanza kusoma Ayatul Kursi kwa sauti. Mwenye nyumba sasa ananilaumu mimi kwamba chumba cha chini yetu hakipati mpangaji.

Ami Mstaafu:
Hiyo barakoa ina mwanga wa infraredi pia, ule usioonekana kwa macho, au ni nyekundu tupu? Goti langu linaniuma.

Mama wa Majengo:
Boksi linasema infraredi ipo, ya nanomita 830, ami, lakini ni ya uso.

Binti wa Tudor:
Tafadhali, tulikuwa tunazungumzia habari ya saluni. Yule mwanamke alinitazama machoni akasema sura ni kazi ya

Kijana wa Kongowea:
Dada, tumekusikia, subiri kidogo. Mama wa Majengo, huyo mlinzi bado yupo?

Mama wa Majengo:
Yupo, lakini ameomba zamu ya mchana.