Kwera dume anafumua kiota chake mwenyewe. Kwa nini?

Machoangani
Wadau, habari zenu. Mbele ya dirisha langu kuna mti ambao kwera (wale wa manjano, wengine mnawaita mnana) wameujaza viota, na siku hizi nikishakaa hapo siinuki. Kuna dume mmoja, kichwa cheusi, macho mekundu, ndiye ninayemfuatilia kwa darubini. Anatua kwenye jani refu, analing'ata ukingoni, kisha anaruka nalo hivyohivyo, na kule kuruka ndiko kunakolichana likatoka ukanda mwembamba. Akifika anasuka pete kwanza. Anasimama ndani ya pete, miguu haiondoi, anasuka mpaka mdomo unapofika. Ndiyo maana chumba kinatoka kwa kipimo cha mwili wake.

Kazi ikiisha ndipo ninapocheka. Anajining'iniza chini ya mlango, kichwa chini miguu juu, anapigapiga mabawa na kupayuka. Jike anakuja, anaingia, kiota chote kinatikisika kwa jinsi anavyovuta nyuzi za ndani kuzijaribu. Kisha anatoka na kwenda zake, na dume anazidi kupayuka.

Sasa, kile kiota kilipoanza kukauka, akakifumua chote, ukanda kwa ukanda, halafu akaanza kufunga majani mabichi palepale! Kwa nini asikiache, akajenge tawi jingine? Na ninyi mmeona vituko gani?

Mama Chiriku
Anafumua kwa sababu jike anataka kibichi. Ukanda wa kijani unapinda na kushika. Ukishageuka kahawia unakatika, na humo ndimo mayai na makinda yatakamokaa. Kiota kilichokataliwa mpaka kikakauka hakina tena wa kukitaka, halafu kimeshika nafasi nzuri ya ncha ya tawi. Bora akiondoe aanze upya.

Watazame na madume wachanga. Nicholas Collias na mkewe Elsie, waliowachunguza kwera kwa miaka mingi, walionyesha kwamba kijana husuka ovyo mwanzoni na hunyooka kadiri anavyofanya mazoezi. Mimi hao ndio nawapenda kuliko wote. Unamwona kabisa anabana ukanda mdomoni, anauchomeka, unachomoka, anauchomeka tena palepale.

Jicho la Mwewe
Mimi kwa mlamba sisikii la mtu. Ni yule mweusi, mkia umegawanyika ncha mbili. Anakaa tawini akiwatazama wengine wanaochakura chini. Adui akitokea kweli anapiga mlio wa hatari na wote wanakimbia kujificha, kwa hiyo wamemzoea na kumwamini. Siku mmoja akifukua windo nono, mlamba anapiga mlio uleule na adui hayupo. Mwenye windo analitupa, anatimka. Mlamba anashuka, anabeba, anaondoka.

Watafiti waliowafuatilia katika jangwa la Kalahari walichapisha matokeo yao mwaka 2014. Walihesabu aina 51 za milio ya hatari, nyingi zikiwa za kuigiza wanyama na ndege wengine, na kama asilimia 23 ya chakula cha mlamba kwa siku ilikuwa ya kupora. Kilichonishika zaidi ni hiki: wakiacha kumwamini kwa mlio mmoja, anabadilisha mlio. Tangu nijue hilo, nikisikia kelele za hatari namtafuta kwanza mlamba yuko wapi na mdomoni ana nini.

Machoangani
Mama Chiriku, ahsante sana, sasa naelewa kwa nini alianza na tawi lilelile. Na kijana yupo! Pete yake imeegemea upande, nyuzi zinaning'inia kila mahali, na bado anapiga mabawa kwa bidii zote. Jicho la Mwewe, leo nasikiliza milio kwa sikio jingine.

Kando ya Maji
Ukifika penye maji ya kina kifupi, mtafute yule jamaa wa yangeyange aliye mweusi tii, vidole vya njano. Anakunja mabawa kuelekea mbele mpaka yanakutana na kumfunika kichwa chote, mwavuli kamili, anainamia maji sekunde chache, anadunga. Anafungua, hatua mbili tatu, anafunika tena. Wanasema samaki wadogo hukimbilia kivuli, naye humo ndani hasumbuliwi na mng'ao wa jua. Wakiwa kundi wanafungua na kufunga kila mmoja kwa wakati wake, utakesha.

Nami nina swali: hondohondo anagonga kioo cha dirisha langu kila asubuhi. Anataka nini?

Mama Chiriku
Anapigana na taswira yake, anadhani ni mpinzani aliyeingia eneo lake. Funika kioo kwa upande wa nje, maana pazia la ndani haliondoi taswira. Msimu wa kuzaliana ukipita, mara nyingi huacha. Lakini kabla ya kufunika, mtazame kidogo: akimaliza kugonga anainua kichwa na kuita kwa majigambo, kisha anarudi kuangalia kama mwenzake ameondoka.