Nakwama kugeuza snoubodi kwenye mteremko wa plastiki, niendelee au nisubiri theluji?

TelezaPole

Habari za humu wakuu. Naombeni msaada wenu maana hili jambo linaninyima raha. Nimeanza kujifunza snoubodi (ule ubao wa kuteleza kwenye theluji umesimama) kwenye mteremko wa bandia, ule wa mabrashi ya plastiki, na mwanzoni mambo yalienda vizuri tu. Kushuka pole pole kwa ubavu nimekalia makali ya kisigino (ukingo wa ubao ulio upande wa visigino) naweza, kwenda kushoto na kulia kwa makali hayo hayo bila kugeuka naweza, hata kusimama mtu akinikatiza mbele naweza. Shida inaanza mwalimu akisema haya sasa geuka, toka kisigino ingia vidole. Ubao ukishaanza kuangalia chini ni kama kuna kitu kinaudaka halafu narushwa, mara kifudifudi mara chali, na plastiki haina huruma, inachubua na inauma.

Sasa kuna rafiki yangu anateleza siku nyingi kwenye theluji, yeye anasema achana na plastiki, inakufundisha vibaya, subiri msimu wa baridi uanze upya kwenye theluji yenyewe. Safari ya theluji ninayo kweli lakini bado iko mbali na mimi natamani nifike kule najua kugeuka. Walioanzia kwenye plastiki, je inasaidia kweli? Na hapo kwenye kugeuka nakosea wapi? Natanguliza mguu wa kushoto, vifaa vyote ni vya kuazima pale pale.

Makali_Mawili

Karibu sana mkuu. Endelea, usisubiri. Hapo ulipokwama ndo wanapokwama karibu wote, iwe plastiki iwe theluji, tofauti ni kwamba plastiki haikupi nafasi ya kubahatisha.

Tuiangalie hiyo sekunde moja unayorushwa maana majibu yako yamo humo humo. Ukiwa unashuka kwa kisigino, makali ya upande wa juu ndo yanashika, yale ya upande wa bondeni yameinuka kidogo hayagusi kitu, na hicho tu ndo kinakuweka wima. Ukitaka kugeuka lazima upite mahali ubao umelala bapa na pua, yaani ncha ya mbele ya ubao, inaangalia chini moja kwa moja. Mwili ukiona hivyo unaogopa, unaegemea nyuma wenyewe, uzito wote unahamia mguu wa nyuma. Basi pua inabaki nyepesi haina cha kuikandamiza, haigeuki, ubao unaendelea kuteleza kwa ubavu huku umelala, yale makali ya bondeni yanagusa brashi na hapo hapo ubao unagoma wewe unaendelea na safari.

Na namna unavyoanguka inakuambia kosa liko wapi. Ukienda kifudifudi kuelekea bondeni maana yake umekandamiza vidole mapema, pua ilikuwa haijamaliza kushuka. Ukienda chali maana yake kugeuka umegeuka vizuri kabisa, uko juu ya vidole unaangalia mlima, halafu ukaingiwa na wasiwasi ukageuza kichwa kuchungulia nyuma au ukakaa kitako kidogo, ubao ukalala, makali ya kisigino yakadaka. Hayo ni makosa mawili tofauti na dawa zake tofauti, kwa hiyo muombe mtu akurekodi na simu kutoka pembeni uone lako ni lipi zaidi, manake ukiwa juu ya ubao huwezi kujua.

Dawa ya la kwanza ni kuzoea kwenda moja kwa moja. Nenda pale chini kabisa mteremko unapokaribia kuisha, weka pua chini, ubao bapa, uzito mwingi kwenye mguu wa mbele, acha uende mpaka usimame wenyewe. Hapa plastiki inakubeba kuliko theluji kwa sababu msuguano wake ni mkubwa, kwenye sehemu ya bapa unapunguza mwendo haraka bila hata kujua breki. Rudia mpaka hofu ya pua kuangalia chini iishe. Ndo uanze kugeuka, na geuka kwa mguu wa mbele kwanza: vidole vya mguu wa mbele vikandamize taratibu kama mtu anayekanyaga pedali ya mafuta, goti la mbele liende upande huo, macho yaangalie unakotaka kwenda sio kwenye ubao, mguu wa nyuma utafuata wenyewe. Watu wengi wanausukuma ubao kwa mguu wa nyuma kama wanapangusa sakafu, kwenye theluji laini inapita pita, kwenye brashi hapana.

Dawa ya la pili: ukiwa juu ya vidole usiinamie kiunoni. Piga magoti mbele mpaka usikie mifupa ya muundi inakandamiza ulimi wa buti, nyonga zisogee mbele, kifua kiinuke, macho yaangalie pembeni unakoelekea. Ukichungulia bondeni kwa kupitia bega umeshajiangusha.

BarafuTu

Mimi natofautiana kidogo na Makali_Mawili ingawa maelezo yake ya kugeuka ni sahihi na uyashike. Rafiki yako hajakosea moja kwa moja. Theluji inakwanguka, makali yanachimba mfereji wake humo ndani na ubao unaufuata, kwenye plastiki hakuna mfereji, makali yanapindisha brashi tu, kwa hiyo ukilaza ubao sana kwa pembe kali ama unachomoka ama unakwama. Aliyezoea plastiki akifika kwenye theluji unamuona anateleza kwa woga, makali hayatumii yote, anaukwangua ukwangua mteremko bila kuuamini. Hiyo nimeiona kwa watu wengi. Kama karibu na wewe kuna ukumbi wa ndani wenye theluji ya mashine, fanyia huko hiyo migeuko ya kwanza, plastiki uitumie kujifunza kusimama bila kuyumba na kuzoea vifaa.

Makali_Mawili

BarafuTu hilo la kuogopa makali ni kweli, ila linarekebishika haraka mtu akishaonja theluji, wakati kuweka uzito mguu wa mbele ukikukosa kunakusumbua miaka. Na kuna ushahidi mzuri tu wa hii kitu. Jenny Jones wa Uingereza aliyepata shaba ya slopustaili (kushuka ukiruka na kuonyesha mbinu juu ya vizuizi) kwenye Olimpiki ya Sochi 2014, medali ya kwanza ya Olimpiki kwa nchi hiyo kwenye mchezo wa theluji, somo lake la kwanza lilikuwa kwenye mteremko wa plastiki. Billy Morgan aliyechukua shaba ya big air (kuonyesha mbinu kwa mruko mmoja mkubwa) Pyeongchang 2018, naye ametokea kwenye plastiki ya Southampton. Katie Ormerod ametokea kwenye plastiki ya Halifax na akaja kubeba taji la jumla la Kombe la Dunia la slopustaili msimu wa 2019/20. Hawa hawakuharibiwa na plastiki. Kinachoharibu ni kukaa juu ya makali ya kisigino miezi na miezi kwa sababu unaogopa upande wa pili.

Halafu plastiki sio moja. Ile ya zamani ya mabrashi yaliyopangwa kwenye vyuma vyenye matundu katikati, hiyo ndo ngumu kuliko zote. Snowflex kwa mfano ina tabaka laini chini na inalowanishwa kwa ukungu wa maji, kuanguka kwake ni kwingine kabisa, ndo waliyoweka Chuo Kikuu cha Liberty kule Virginia mwaka 2009. Na ule mteremko wa Copenhagen ulio juu ya paa la kiwanda cha kuchoma taka, uliofunguliwa 2019, nao ni zulia la aina nyingine. Kwa hiyo mtu akikuambia plastiki mbaya muulize ipi.

Mama_Magoti

Jamani mmeongea mengi mazuri ila hakuna aliyegusa mikono na mimi hapo siwezi kunyamaza, nimeona vidole gumba vingi sana vimevimba. TelezaPole mdogo wangu, nenda kaangalie hilo zulia kwa karibu siku hauko juu ya ubao. Utaona mistari ya brashi imekutana ikaacha vitundu vya wazi, tundu moja linatosha kabisa kidole gumba kuingia. Ukianguka umefungua kiganja, gumba linazama humo, mwili unaendelea kuteleza, gumba linabaki. Kano inachanika, na hiyo sio kitu ya kupaka dawa ya kuchua ukaendelea, inaweza kuhitaji upasuaji.

Kwa hiyo kabla hujafikiria kugeuka jifunze kufunga ngumi. Kila ukihisi unaondoka, ngumi, gumba ndani au limelala juu ya vidole vingine, mikono ivute kifuani. Ukienda kifudifudi tua kwa magoti na mikono yote kuanzia kiwiko mpaka kwenye ngumi kwa pamoja. Ukienda chali chuchumaa kwanza upunguze urefu wa kuanguka, kalia tako, biringika mpaka mgongoni, kidevu kifuani ili kisogo kisigonge. Usirudishe mikono nyuma kujizuia hata kama moyo unataka, vifundo vya mikono ndo vinavyoumia kuliko kitu kingine kwa wanaoanza snoubodi. Lifanyie mazoezi hili nyumbani kwenye godoro mpaka liwe la mwili, manake pale juu hakuna muda wa kukumbuka.

Mavazi: glavu nzito muda wote hata jua likiwaka, mikono mirefu, suruali ndefu ngumu (ile laini ya mazoezi inaisha kwa mpasuko mmoja), helmeti, vikinga vya vifundo vya mikono, pedi za magoti chini ya suruali na ile kaptura yenye sponji za kulinda tako na mkia wa uti wa mgongo. Ukivaa hivyo woga unapungua nusu, na woga ukipungua hutaegemea nyuma. Ndo maana nasema vifaa ni sehemu ya somo la kugeuka.

TelezaPole

Asanteni sana wakuu, dada Mama_Magoti ubarikiwe, hayo matundu niliyaona nikayapuuza. Nilimuomba mwenzangu anirekodi na kweli ni kama alivyosema Makali_Mawili, naenda kifudifudi zaidi, vidole nakandamiza pua ikiwa bado iko pembeni kabisa. Nimerudi pale chini kwenda moja kwa moja na kuna migeuko kadhaa imekubali!

Swali la mwisho. Kuna siku ubao unateleza vizuri na kuna siku unang'ang'ania utadhani umepakwa gundi, mteremko ule ule. Ni mimi au ni ubao? Na je ninunue ubao wangu niutumie hapo?

Makali_Mawili

Hongera mkuu! Hilo la kung'ang'ania ni maji. Theluji ikisuguliwa inajitengenezea utando mwembamba wa maji chini ya ubao, plastiki haina hicho kitu, msuguano wote unageuka joto. Ndo maana wanaweka vinyunyizio. Vikizimwa au jua likikausha, ubao unashika, na ukianguka ngozi inaungua vibaya zaidi. Siku ya mvua ndo siku nzuri ya kujifunza, nenda bila kusita. Siku kavu ukikuta vinyunyizio vimezimwa waombe wawashe, na wasipowasha fanya mazoezi ya kwenda moja kwa moja tu, kugeuka kuachie siku yenye maji.

Ubao mzuri usiupeleke pale. Brashi zinakula nta ya chini haraka mno na joto linaunguza tumbo la ubao, makali nayo yanaisha. Tafuta wa zamani, laini unaopindika kirahisi, usiwe mrefu sana, upake nta kila unapokwenda. Makali ya puani na mkiani, ile sehemu inayoanza kupinda kwenda juu, yatolewe ukali kwa tupa kidogo, ndo yanayodaka kwanza ubao ukiwa bapa. Ya katikati ya miguu yaache.

BarafuTu

Na buti usiazime tena kama unaweza kupata zako. Kisigino kikiinuka ndani ya buti, unakandamiza vidole na ubao hausikii, halafu unalaumu plastiki. Zijaribu umevaa soksi moja tu ndefu, piga magoti mbele, kisigino kibaki chini.