Mjadala: Akili bandia ya shule zetu za Lubumbashi ikae wapi, na iseme Kiswahili cha nani?

Ndugu aliyefungua mjadala huu anashauri shule zetu zilipie kila mwezi huduma za akili bandia zilizoko ng'ambo, kwa kuwa mitambo ya huko inapita chochote tunachoweza kununua, na kompyuta zetu nyingi ni za mtumba. Namheshimu, lakini sikubaliani naye.

Wengi wetu tukinunua kompyuta hutazama prosesa kwanza, ilhali kwa kazi hii kinachoamua zaidi ni memori. Modeli ya lugha, yaani programu inayotunga majibu, yenye vigezo (namba ilizojifunza) bilioni 7, kila kigezo kikihifadhiwa kwa biti 16, huhitaji gigabaiti 14 hivi. Vikibanwa hadi biti 4, gigabaiti 4 hivi zinatosha, na modeli hiyo inaenea ndani ya kompyuta ya mtumba yenye gigabaiti 8, bila kadi ya grafiki na bila kununua mega za intaneti. Itajibu polepole, maana kwa kila kipande cha neno hulazimika kusoma upya karibu vigezo vyake vyote, na memori ya kawaida husomwa kwa kasi ndogo kuliko ile ya kadi za grafiki. Itakosea pia mara nyingi kuliko modeli kubwa. Hapo ndugu yetu yuko sahihi. Lakini intaneti ikikatika mtaani Katuba hapa mjini, darasa linaendelea kupata majibu, na maswali ya watoto hayatoki shuleni.

Dada aliyechangia baada yake amegusa jambo zito zaidi: mashine hizi zimejifunza Kiswahili cha nani? Katiba ya Kongo ya mwaka 2006 inakitaja Kiswahili kuwa mojawapo ya lugha zetu nne za kitaifa, pamoja na Kikongo, Kilingala na Tshiluba, lakini maandishi mengi ya Kiswahili yaliyomo kwenye intaneti yanatoka Tanzania na Kenya. Mzee wa Ruashi akizungumza Kiswahili chetu kilichokulia migodini na kwenye reli, akichanganya Kibemba na Kifaransa katika sentensi moja, mashine huyahesabu maneno yake kuwa makosa. Mtoto anayesahihishwa hivyo kila siku ataamini kwamba bibi yake hajui kusema. Wala si suala la msamiati tu. Mwanafunzi akiomba asaidiwe kumwandikia mjomba wake kuhusu karo, hupewa barua ya ofisini, ombi likiwa mstari wa kwanza, bila salamu za kutosha wala habari za nyumbani, na mjomba ataisoma kama amri ya mtoto asiyelelewa.

Wanaosema Kiswahili hiki hakiandikiki wakumbuke kwamba mwaka 1965 André Yav alikitumia kuandika historia ya mji huu, uliokuwa bado ukiitwa Élisabethville, akieleza maisha ya watumishi wa nyumba za Wazungu. Maandishi ya namna hiyo, pamoja na sauti za wazee zikirekodiwa kwa idhini yao, ndiyo chakula ambacho modeli huria, ile inayoruhusiwa kupakuliwa na kubadilishwa, inaweza kulishwa. Kazi hiyo ya kuifundisha upya ndiyo inayodai kadi ya grafiki yenye nguvu, lakini moja ikiwekwa chuoni itahudumia shule nyingi, na modeli iliyokamilika itabebwa kwa flashi.

Kuhusu hoja ya kwamba tunastahili teknolojia hii bure, kwa sababu zaidi ya nusu ya kobalti inayochimbwa duniani inatoka nchini mwetu, uchungu wake naujua. Haki hiyo tuidai kwenye mikataba ya migodi. Haitaifundisha mashine yoyote namna ya kumsalimu mzee.

Napendekeza fedha ambazo zingelipia ada ya ng'ambo mwaka wa kwanza zigawanywe: sehemu iongeze memori kwenye kompyuta tulizo nazo, na sehemu kubwa zaidi iwalipe vijana watakaorekodi na kuandika mazungumzo ya wazee wa mitaa yetu ya Kenya, Katuba na Ruashi. Ndugu aliyefungua mjadala atueleze: shule ikishindwa kulipa ada ya ng'ambo mwezi mmoja, itabaki na nini mkononi?