MREJESHO: PHP 7.4 na 8.3 sasa zinakaa pamoja kwenye sava moja

Wakuu, niliuliza jinsi ya kuweka PHP 8.3 (PHP ni lugha ya kuandikia tovuti) kwa ajili ya tovuti mpya kwenye sava ya Ubuntu ya duka la jumla hapa Kibuye, Kisumu, bila kuua mfumo wa stoo ulioandikwa kwa 7.4. Mfumo huo umejaa each() na create_function(), amri za PHP zilizoondolewa tangu 8.0.

Asanteni sana. Ushauri wa kuachana na moduli ya PHP ndani ya Apache (programu inayohudumia tovuti) ndio uliofaulu, maana moduli hiyo hubeba toleo moja tu. Badala yake nimesakinisha php7.4-fpm na php8.3-fpm (FPM ni huduma inayoendesha PHP nje ya Apache, kila toleo peke yake) kutoka hazina ya vifurushi ppa:ondrej/php, nikazima moduli kwa a2dismod php7.4, kisha nikaiunganisha Apache na FPM kwa a2enmod proxy_fcgi setenvif. Ndani ya VirtualHost (mipangilio ya tovuti moja kwenye Apache) ya stoo nimeweka:

SetHandler "proxy:unix:/run/php/php7.4-fpm.sock|fcgi://localhost"

weka mstari huo ndani ya <FilesMatch \.php$>. Tovuti mpya ni hivyo hivyo, ila php8.3.

Tovuti mpya iligoma kwanza: "undefined function mysqli_connect()". Kila toleo lina viendelezi vyake, kwa hiyo php8.3-mysql husakinishwa kando.

Update-alternatives haikusaidia tovuti. Hubadilisha amri ya php ya terminali tu. Tena ripoti ya usiku ya cron (kipanga kazi za kujiendesha) ilikufa kwa sababu "php" sasa ni 8.3. Kwenye cron andikeni /usr/bin/php7.4 kwa ukamilifu.

Lililobaki: 7.4 haina marekebisho ya usalama tangu Novemba 2022. Kwa sasa stoo nimeifungia mtandao wa ndani kwa Require ip 192.168.1.0/24.