Tupeane uzoefu: mliohama kutoka Android kwenda iPhone, au kurudi, mlikwama wapi?

Ndugu zangu, nimetumia simu za Android tangu mwaka 2013, na mwezi uliopita dada yangu alinunua simu mpya akaniachia iPhone yake. Nilijiandaa kwa mengi, ila sikujiandaa kwa kidole gumba changu. Kidole hicho kimezoea kugusa chini ya kioo ili kurudi nyuma, ilhali kwenye iPhone kitufe hicho hakipo, na mtu hurudi kwa kutelezesha kidole kutoka ukingo wa kushoto. Kwa wiki nzima, kila nilipofungua picha niliyotumiwa nilijikuta nimetoka kwenye programu yenyewe, hadi mwanangu wa darasa la sita akanishika mkono na kuuongoza, kama nilivyomfundisha yeye kushika kalamu.

Hilo ni la kuchekesha. Lisilochekesha ni kwamba mimi ni mweka hazina wa kikoba chetu, na kumbukumbu za nani amerejesha mkopo lini zilikuwa WhatsApp. Niliifuta simu ya zamani nikampa mdogo wangu, nikiamini kuwa mazungumzo yako salama, kwa sababu kila usiku saa nane nakala yake ilikwenda kwenye akaunti yangu ya Google. Nakala ipo kweli, lakini WhatsApp ya iPhone hurejesha mazungumzo kutoka iCloud, yaani hifadhi ya mtandaoni ya Apple, na ile iliyoko Google haiisomi. Sasa nimekaa na daftari, nawaomba wanachama wanitumie upya ujumbe wa miamala ya mwaka mzima, na wapo ambao ghafla hawakumbuki kama walikuwa wanadaiwa. Ninyi mlikwama wapi?

Mchangiaji wa Mbeya:
Ndugu mleta mada, weka daftari chini kwanza. Azima simu ya zamani kutoka kwa mdogo wako kwa siku moja (avumilie kukaa bila WhatsApp), weka laini yako na akaunti yako ya Google, kisha usajili WhatsApp kwa namba ileile, na mazungumzo yatarudi. Baada ya hapo ifute iPhone ianze kama mpya, kwa kuwa programu ya Move to iOS, ambayo tangu mwaka 2022 huhamisha hata WhatsApp, hutumika wakati iPhone inapoandaliwa kwa mara ya kwanza. Simu zote mbili ziwe kwenye chaji na kwenye Wi-Fi moja, wala usifungue programu nyingine ukisubiri. Ila kabla ya kufuta chochote, hakikisha dada ameondoa akaunti yake ya Apple kwenye hiyo simu, la sivyo itadai nenosiri lake na haitakuruhusu kuendelea.

Mchangiaji wa Nakuru:
Mimi nilikwama mbele ya wakala wa M-Pesa, foleni ikiwa nyuma yangu. Kwenye Android menyu ya laini, yenye M-Pesa ndani yake, huonekana kama programu nyingine yoyote, kwa hivyo niliitafuta kwenye kioo ukurasa baada ya ukurasa, huku mama mmoja akiuliza kwa sauti ikiwa simu ni yangu kweli. Baadaye niligundua kwamba kwenye iPhone menyu hiyo imo ndani ya mipangilio, chini ya data ya simu, mahali palipoandikwa SIM Applications. Siku hiyo nilijiokoa kwa kupiga *334#.

Mchangiaji wa Dar es Salaam:
Kaka yangu alinitumia iPhone 14 kutoka Marekani. Nilishika kile kipini cha kufungulia sehemu ya laini nikaizungusha simu pande zote nne bila kuona tundu, kwa kuwa toleo la Marekani la simu hiyo halina kabisa mahali pa kuchomeka laini. Hutumia eSIM pekee, yaani laini isiyo na kadi, inayopakuliwa ndani ya simu. Nilikwenda na kitambulisho cha NIDA dukani kwa mtandao wangu, nikaweka alama za vidole, nikapewa msimbo wa kupiga picha, na hapo ikajulikana kuwa msimbo huo hauwezi kupakuliwa bila intaneti, nami intaneti ninayo ndani ya laini ninayoitafuta. Mhudumu aliniwashia hotspoti ya simu yake.

Mchangiaji wa Minneapolis:
Mimi nilihama kinyume, kutoka iPhone kwenda Android, na kwa siku kadhaa niliona wenzangu wa kazini wamenisusia. Kumbe sikuzima iMessage, huduma ya Apple ya kutumiana ujumbe, kabla ya kutoa laini, kwa hiyo ujumbe wao uliendelea kwenda kwenye simu iliyokuwa imezimwa kabatini. Niliirudisha laini kule, nikaizima iMessage, mambo yakatulia.

Mchangiaji wa Unguja:
Kwangu ni dogo tu: watu bado wananiambia niwarushie picha kwa Bluetooth, na kila mara inabidi nieleze upya kwamba iPhone hairushi kwa njia hiyo kwenda Android.

Mleta mada, mrejesho:
Nimefuata maelekezo ya ndugu wa Mbeya, na zoezi limechukua jioni nzima kwa sababu nakala ilikuwa kubwa na Wi-Fi ya jirani haina haraka. Mazungumzo ya kikoba yamerudi tangu mwezi Januari mwaka jana. Nimeshawatumia wale waliosahau picha za ahadi zao wenyewe, na wawili wamelipa kabla sijalala.