MREJESHO: Mama mwenye baridi yabisi, mikono imekosa nguvu

Wakuu, shukrani sana kwa ushauri mlionipa hapa kuhusu mikono ya mama. Kwa wasiokumbuka: mama ana kilo 55, alishindwa kufungua chupa ya maji, na nyama kati ya dole gumba na kidole cha shahada ilikuwa imebonyea.

Wiki 12 zimepita. Mpira mgumu aliokuwa akiminya tuliutupa. Aliyesema unazidisha vidole kuinamia upande wa kidole cha mwisho alisema kweli. Sasa anaminya donge la unga wa chapati, anashikilia sekunde 5, mara 10, baada ya kuloweka mikono kwenye maji ya uvuguvugu. Maumivu yakidumu zaidi ya masaa mawili, kesho yake ni mara 5 tu. Viungo vikivimba na kuwa vya moto, haminyi kabisa, ananyoosha vidole taratibu. Protini gramu 65 kwa siku: mayai, maharage, dagaa, zigawanywe kila mlo.

Kupima nguvu tumetumia mashine ya presha ya mshale (wazo zuri mno hili): kunja mkanda, jaza hadi 20, minya, soma. Mkono wa kulia, 70 imekuwa 110.

Kushoto bado, 62 hadi 66. Ganzi anayopata usiku kuanzia gumba hadi kidole cha kati ni neva iliyobanwa kwenye kifundo cha mkono, na mazoezi hayaifungui. Kapewa kifaa cha kunyoosha kifundo akilala; isipopungua, daktari kataja upasuaji mdogo.

Mlioshauri aache ghafla prednisolone (dawa yake ya kupunguza uvimbe), hapana. Daktari anaipunguza kidogo kidogo.