Eti "everyone have"! Yule msahihishaji leo kavuka mpaka

Wakuu, mnamjua, sina haja ya kumtaja. Kachukua sentensi yangu safi kabisa, Everyone has a key, kaipiga mstari mwekundu, akaandika pembeni: "have, kwa sababu watu ni wengi." Watu ni wengi!

Everyone, everybody, someone, anybody, nobody, each: yote hayo hushika kitenzi cha umoja, hata wawe wamejaa uwanja mzima wa mpira. Wanahesabiwa mmoja mmoja. Na Kiswahili chenyewe si hivyohivyo? Kila mtu ANA ufunguo. Nani amewahi kusema kila mtu wana? Halafu mtu anakuja na mstari mwekundu, "watu ni wengi"!

Mtego halisi uko kwenye Each of the keys is missing. Keys imekaa jirani na kitenzi, jicho linadanganyika, mtu anaandika are. Funika of the keys kwa kidole, usome kilichobaki: Each is missing. Basi. Either na neither zipime vivyo hivyo. Wingi waachie both, few, many na several. Lakini have kwa everyone? Mstari mwekundu kabisa!

Chokaa: Uzi mzima kwa ajili ya has? Mbona wewe juzi uliandika noone? No one ni maneno mawili, mkuu.

Bi Sarufi: Na wale wa everyone of the keys je? Kabla ya of yanatengana: every one of the keys. Everyone ya neno moja ni ya watu tu, funguo haziingii humo.

Mwenye uzi: Tusitoke kwenye mada. WATU NI WENGI, jamani!

Mkata Nondo: Kinachonichoma mimi ni I don't know nothing. Mtu anafasiri "sijui chochote" na kukanusha mara mbili. Don't imeshakanusha, kwa hiyo malizia na anything. Ukiitaka nothing, don't itoke: I know nothing.

Kipanga: Everyone has their key pia ni kosa, their ni ya wingi.

Bi Sarufi: Kipanga, kaka yangu, they ya umoja imeandikwa tangu karne ya 14. Their inakubalika, ila kitenzi kinabaki has.

Chokaa: Na none? None of the water is, hapo hakuna ubishi kwa sababu maji hayahesabiki. None of the keys, is au are?

Mkata Nondo: Zote mbili sawa. Are ndiyo inayosikika zaidi kwenye mazungumzo.

Kipanga: Haya, few friends na a few friends nazo? Kuna mtu humu anazichanganya kila siku.

Bi Sarufi: Huyo namjua! Few friends, analalamika kuwa marafiki ni haba. A few friends, anasema wapo kadhaa. Hiyo a moja inageuza malalamiko yote.

Kipanga: Fungua uzi wake, dada. Na little na a little uziweke humohumo.